Kutoka Lumbila hadi Mbeya: Historia ya Kuchagua Pa Kuishi Rungwe

Nchi ya Rungwe ni mteremko mmoja mrefu. Kaskazini umesimama Mlima Rungwe, wenye kimo cha karibu mita 2,960, pamoja na safu ya Uporoto. Mashariki ipo milima ya Livingstone. Kusini ardhi inashuka hadi uwanda wa Kyela na Ziwa Nyasa, ambalo uso wake uko kama mita 475 tu juu ya usawa wa bahari. Mji wa Tukuyu uko katikati ya mteremko huo, kwenye mwinuko unaozidi mita 1,500. Msafiri anayepanda basi Kasumulu mpakani kuelekea Mbeya huanza na mpunga na kakao, akaingia kwenye migomba na kahawa, akapita mashamba ya chai ya Katumba, na akifika Isongole hukuta viazi mviringo na watu waliovaa makoti mchana. Yote hayo huyaona kabla ya kumaliza kilomita 100 za barabara.

Mvua nayo inafuata umbo hilo la ardhi. Upepo wa kusini-mashariki hupita juu ya ziwa ukiwa umebeba unyevu, hugonga milima, hulazimika kupanda, hupoa, na kumwaga maji upande wa Tukuyu. Mji huo hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Mbeya, iliyo kama kilomita 70 kaskazini, nyuma ya milima hiyo hiyo, haifikishi hata nusu ya kiasi hicho. Ndiyo maana swali la mahali pa kuweka nyumba limekuwa zito hapa tangu zamani: mwenye kuhama mwendo wa siku moja alibadili chakula, mavazi, magonjwa na majira ya kazi.

Mapokeo ya Wanyakyusa yanasema koo za watawala wao zilishuka kutoka Ukinga, kwenye vilele vya milima ya Livingstone, zikawakuta wenyeji waliokuwa wakiishi kwenye mteremko. Walioshuka wanakumbukwa kwa kuleta ng'ombe na moto. Mahali patakatifu pa masimulizi hayo ni Lubaga, karibu na Tukuyu, ambako Lwembe alikaa. Lwembe aliheshimiwa kama mwenye mamlaka juu ya mvua na rutuba ya nchi, na machifu wa pande nyingi walipeleka ng'ombe wa sadaka kwake. Inafaa kukumbuka kwamba katika nchi yenye maji mengi kama Rungwe, maombi hayo hayakuwa ya kuleta mvua peke yake. Mvua iliyopita kiasi iliozesha maharage shambani, na baridi ya muda mrefu ilichelewesha ndizi kukomaa.

Walipoanza kujaza mteremko, wakulima hao walikuwa na mpaka wa juu uliowekwa na mgomba. Zao hilo lilikuwa chakula, kivuli, uzio na majani ya kufungia vitu, na halipendi baridi kali. Juu zaidi, kuelekea Uporoto, waliishi Wasafwa na wengine waliotegemea mazao ya nyanda za baridi. Chini, hadi ufukweni mwa ziwa, Wanyakyusa wa uwandani walizoea joto na homa. Kati ya mipaka hiyo miwili palikuwa na nafasi kubwa, na katika nafasi hiyo jambo lililoamua mtu aishi wapi lilikuwa majirani.

Utaratibu wenyewe ulielezwa kwa kirefu na Godfrey Wilson na mkewe Monica, wanaanthropolojia waliofanya utafiti Rungwe kati ya 1934 na 1938. Kitabu cha Monica Wilson, «Good Company», kilichotoka mwaka 1951, kinahusu vijiji vya marika. Mvulana alipofika umri wa miaka kumi au kumi na mmoja aliondoka nyumbani kwa baba yake, akaenda na wenzake wa umri mmoja kujenga vibanda pembeni mwa kijiji. Walilala huko lakini bado walichunga ng'ombe wa baba zao, na walikula kwa mama zao, mara nyingi kundi zima likitoka nyumba moja hadi nyingine. Wadogo wao waliendelea kupokelewa kwa muda, kisha wakubwa wakakataa wapya, na hao wapya wakaanzisha kijiji chao. Vibanda vya watoto viligeuka nyumba za watu wazima walipooa. Kwa njia hiyo mwanamume aliweza kuishi maisha yake yote akizungukwa na wale waliochunga naye utotoni, na ndugu wa baba mmoja waliopishana miaka mingi wakawa wa vijiji tofauti.

Kila baada ya kizazi, yaani kama miaka thelathini, ilifika sherehe ya ubusoka. Wazee walikabidhi nchi kwa watoto wao. Vijana wawili wa chifu walitambuliwa kuwa watawala, eneo likagawanywa, miti ikapandwa kwa ajili ya machifu wapya, moto wa zamani ukazimwa na mpya ukapekechwa, na kila nyumba ikachukua moto wake hapo. Wazee walisogea pembeni, ardhi nzuri wakawaachia vijana. Hakuna mpango wa makazi uliowahi kuletwa Rungwe baadaye na serikali yoyote uliokuwa na ujasiri wa namna hiyo: kupanga nchi nzima upya kila kizazi, kwa makubaliano, wenye mali wakiwa ndio wanaoondoka.

Thamani iliyotukuzwa katika vijiji hivyo iliitwa ukwangala, maana yake kukaa pamoja kwa furaha, kula na kunywa na kuongea na wa rika lako. Mtu aliyekula peke yake alisemwa vibaya. Kulikuwa pia na upande mkali. Iliaminika kwamba manung'uniko ya majirani waliokosewa yanaweza kumtia mkosaji ubaridi mwilini na homa, na kwamba katika kila kijiji wapo walinzi wanaopambana usiku na wachawi. Aliyehisi majirani wamemgeuka, au aliyefiwa na watoto mfululizo, au aliyetuhumiwa mwenyewe, alifungasha na kuhama. Kijiji kingine kilimpokea kama kilimwona mtu mzuri wa kukaa naye, na kikampa shamba. Migomba ya zamani aliiacha nyuma, na hiyo haikuwa hasara ya kumfunga mtu maana huko aendako kulikuwa na mingine iliyoachwa na waliotangulia kuhama.

Nyumba yenyewe ilirahisisha kuhama. Ilijengwa kwa mianzi inayoota kwa wingi kando ya mito, ikakandikwa udongo, ikaezekwa nyasi, na wa rika walisaidiana kuisimamisha. Ndani ng'ombe walikuwa na upande wao, na sakafu ilifagiliwa kila siku. Usafi huo uliwashangaza wageni wa kwanza wa Ulaya. James Frederic Elton, aliyepita mwaka 1877, na Joseph Thomson, aliyefika mwaka 1879, wote waliisifu nchi hii kwa migomba yake, nyumba zake nadhifu na hewa yake. Sifa za wasafiri hao zilisomwa Ulaya, na zilichangia kuwaleta waliofuata.

Waliofuata walikuwa wamisionari. Mwaka 1891 yalifika makundi mawili ya Wajerumani kupitia ziwa: Wamoravian, ambao Theodor Meyer na Theophil Richard walikuwa miongoni mwao, na watu wa Misheni ya Berlin wakiongozwa na Alexander Merensky. Wamoravian walifungua kituo cha Rungwe mwezi Agosti mwaka huo, kwenye miguu ya mlima. Wa Berlin walichukua upande wa mashariki, na vituo vyao vya Manow na Mwakaleli vikafuata muda mfupi baadaye. Orodha ya vituo vya awali inaonyesha walikuwa wakitafuta nini. Mahali pa mikutano na pa bandari palihitajika uwandani, kwa hiyo Ipyana na Ikombe vilianzishwa huko chini; lakini makao ya familia, shule na bustani vilipelekwa juu, penye ubaridi.

Serikali ya Kijerumani ilianza kwa kukosea. Mwaka 1893 Hermann von Wissmann, akileta meli ya kivita iliyobeba jina lake kwa vipande kupitia mito ya Zambezi na Shire, aliweka kituo cha utawala Lumbila, kwenye ufuko wa kaskazini-mashariki wa ziwa, kikaitwa Langenburg. Kwa mtu anayeangalia ramani palikuwa pazuri: bandari yenye kina, chini ya utawala wa meli yake. Kwa mtu wa kuishi palikuwa pabaya. Milima ya Livingstone inaporomoka pale moja kwa moja hadi majini, mashamba ni haba, na watu wengi waliopaswa kutawaliwa walikuwa mbali, ng'ambo ya kona ya ziwa, kwenye mteremko wa Rungwe. Zaidi ya hayo kulikuwa na homa. Daktari wa jeshi Friedrich Fülleborn, aliyefanya kazi Langenburg miaka ya mwisho ya karne ya 19 na baadaye kuandika kitabu kikubwa juu ya nchi za Nyasa na Ruvuma, alikuwa mmoja wa waliolazimika kuishi na kutibu katika mazingira hayo.

Miaka hiyo ndiyo elimu ya malaria ilipokuwa ikigeuka. Wazungu kwa karne nyingi waliilaumu hewa chafu ya mabwawa. Mwaka 1897 Ronald Ross, akiwa India, aliona vimelea vya malaria ndani ya mbu. Mwaka huo huo Robert Koch alikuja Afrika Mashariki ya Kijerumani kuchunguza magonjwa, na alitilia maanani kwamba nyanda za juu kama Usambara zilikuwa na nafuu kubwa. Sababu ilikuja kueleweka vizuri baadaye: kimelea kinahitaji joto ili kikomae ndani ya mbu, na pale wastani unaposhuka chini ya nyuzi 18 hivi za Selsiasi ukuaji wake hukwama au huchelewa mno, hata mbu afe kabla hajaambukiza. Kanuni ya zamani ya kupanda mlima ilikuwa sahihi hata kabla ya sababu yake kujulikana. Waingereza walikuwa wameshaifuata Shimla, na Wajerumani wenyewe waliifuata walipoweka makao ya wilaya Wilhelmsthal, yaani Lushoto ya leo.

Karibu na mwaka 1900 kituo cha Langenburg kilihamishwa. Mahali palipochaguliwa ni kilima cha Tukuyu, na mji mpya ukaitwa Neu-Langenburg. Boma lilijengwa mahali panapotazama ziwa kwa mbali siku za anga safi. Chaguo hilo lilikusanya mambo matatu kwa pamoja: baridi ya kutosha kupunguza homa, watu wengi wa kutoza kodi na kuajiri, na nafasi ya katikati kati ya ziwa na milima. Jeshi nalo liliweka kituo Masoko, kando ya ziwa la kreta la Kisiba, kusini zaidi na chini zaidi. Lumbila ilibaki nyuma kama Langenburg ya Zamani, na mizigo ya mji mpya ikashushwa Mwaya, uwandani, ikapandishwa kwa wapagazi.

Hata hivyo kilima hakikuwa na kinga ya kila kitu. Mito inayoshuka kwa kasi, hasa Kiwira, Mbaka na Lufilyo, inazaa inzi wanaoeneza usubi, na eneo la Tukuyu limejulikana kwa muda mrefu kuwa moja ya maeneo ya Tanzania yenye ugonjwa huo wa macho na ngozi. Aliyekimbia mbu wa uwandani akajenga kando ya maji yaendayo kasi alikutana na mdudu mwingine. Baridi yenye unyevu nayo ilileta vichomi kwa watoto na maumivu ya viungo kwa wazee. Mwezi wa Juni na Julai ukungu hukaa siku nzima, manyunyu hayakatiki, na nguo zilizofuliwa hukaushwa juu ya jiko kwa sababu kamba ya nje haina faida.

Mwezi Mei 1916 majeshi ya Uingereza yaliyoongozwa na Edward Northey yalivuka kutoka Nyasaland na kuuteka mji. Jina la Kijerumani likaondolewa, Tukuyu ikarudi kuwa Tukuyu, makao makuu ya Wilaya ya Rungwe. Kwa muda mfupi ilionekana kwamba ingekuwa mji mkuu wa pembe hiyo yote ya nchi.

Dhahabu ndiyo iliyobadili mambo. Katika miaka ya 1920 iligunduliwa Lupa, upande wa Chunya, na katika miaka ya 1930 maelfu ya watu waliikimbilia. Mbeya ilianzishwa mwaka 1927, kwenye bonde lililo kati ya safu ya Mbeya na Uporoto, mahali ambapo njia ya Lupa ilikutana na barabara kuu ya kutoka Iringa kwenda Tunduma na Rhodesia. Mwaka 1932 ndege za Imperial Airways za njia ya Cape Town zilianza kutua huko. Mwinuko wa Mbeya, karibu mita 1,700, uliwapa maofisa ubaridi ule ule waliousifu Tukuyu, na wakaepuka matope yake: barabara kavu miezi sita, uwanja wa ndege usiozama, ukungu mchache. Tukuyu ilikuwa na watu, chakula na kahawa. Mbeya ilikuwa na njia panda. Njia panda ilishinda.

Mji mpya uligawanywa kwa rangi za watu, kama miji mingine ya Tanganyika wakati huo. Uzunguni ilipata mteremko wa juu, viwanja vikubwa na miti. Uhindini ikapata maduka. Waafrika wakawekwa majengo ya chini, na waliozidi walijijengea nje ya mipaka. Hoja iliyotolewa mara nyingi ilikuwa ya afya, kwamba nafasi wazi kati ya makazi huzuia maradhi kuenea. Kwa kweli mgawanyo huo uliwapa wachache hewa nzuri na maji ya bomba, na kuwaachia wengi msongamano, na majina ya mitaa hiyo bado yanatumika katika jiji la leo.

Wakati huohuo, kule Rungwe, uhuru wa kuhama ulikuwa unakufa taratibu, na kilichouua ni kahawa. Mbuni huchukua miaka mitatu hadi minne kuzaa, kisha huzaa kwa miongo. Aliyeupanda hakutaka kumwachia jirani shamba lake kwa sababu ya ugomvi au ubusoka. Nyumba za matofali ya kuchoma, ufundi ulioanzia kwenye vituo vya misheni, ziliongeza uzito huo, maana matofali hayabebeki kama mianzi. Chai, iliyopandwa kwenye mashamba makubwa tangu kati ya vita viwili vya dunia na baadaye na wakulima wadogo, ilichukua ardhi nyingine. Philip Gulliver, aliyechunguza Rungwe katika miaka ya 1950, alieleza jinsi ardhi ilivyokuwa haba na jinsi ilivyoanza kurithiwa na watoto badala ya kurudi kwa kijiji. Vijana hawakupata tena kipande cha nchi kwa haki ya rika. Wakaenda Lupa, wakaenda migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini na hata Afrika Kusini. Wengine walishuka Usangu kulima mpunga kwenye ardhi pana na yenye joto.

Baada ya uhuru, njia ya kaskazini ikawa kubwa kuliko zote. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, ilipita Mbeya, na barabara ya lami ya kwenda Zambia pia. Kituo cha kilimo cha Uyole, kilichojengwa kwa msaada wa nchi za Nordiki, kilivuta wanafunzi na wafanyakazi. Mbeya ilipandishwa kuwa jiji mwaka 2005, na sensa ya mwaka 2022 iliikuta na watu 541,603. Sehemu kubwa ya waliouongeza mji huo walitoka mteremko wa Rungwe na Kyela.

Mtu wa Tukuyu anayehamia Mbeya bado anachagua mwinuko na majirani, ingawa sasa anachagua kupitia dalali. Uyole na Igawilo ziko kwenye barabara ya nyumbani: kutoka huko mtu anapanda Coaster asubuhi akazike Tukuyu na kurudi jioni. Udongo unafaa kwa mahindi na viazi nyuma ya nyumba, na ndizi hufika zikiwa mbichi kutoka Kiwira. Gharama yake ni baridi. Mwezi wa Juni na Julai upepo wa Uyole huuma kuliko wa Tukuyu kwa kuwa ni mkavu, na usiku mwingine umande huganda kwenye nyasi. Mwanjelwa na Kabwe zilivutia wafanyabiashara kwa sababu ya soko, lile lililoungua mwaka 2006 na kujengwa upya, na kwa sababu chumba cha kupanga kilipatikana kwa bei ndogo. Soweto, Ilomba na Iyunga zilijaa watu wa karakana, reli na viwanda. Upande wa magharibi, Iwambi na kushuka kuelekea Songwe, ardhi inateremka na joto linaongezeka. Wenye watoto wadogo au kifua kibovu huangalia viwanja vya huko, hasa tangu uwanja wa ndege wa Songwe ulipoanza kazi mwaka 2012.

Ukavu ndio unaowasumbua wengi wanaotoka Rungwe. Kati ya Mei na Oktoba mvua hukoma kabisa, vumbi la Septemba huingia kila mahali, midomo hupasuka, na maji ya bomba hupungua katika mitaa ya juu. Mtu aliyekulia mahali ambapo kijito hakikauki hujifunza kununua tanki kabla ya kununua viti. Mteremko nao una hatari zake. Aprili 2024 udongo wa Mlima Kawetele uliporomoka Itezi, ukafunika nyumba na kuharibu shule, baada ya mvua nzito. Tangu hapo wanunuzi wa viwanja vya kando ya milima huuliza maji ya mvua yanapitia wapi, swali ambalo wajenzi wa mteremko wa Rungwe walilijua zamani.

Majirani wa jiji hawakuchunga pamoja. Kilichochukua nafasi ya rika ni jumuiya za kanisa, hasa Moravian na Kilutheri, vikoba vya akina mama, na vyama vya kuzikana vya watu wa kata moja. Vyama hivyo hukusanya michango, hukodi gari, husindikiza maiti hadi kwao, na hukaa msibani kwa siku kadhaa kama ilivyokuwa kijijini. Mpangaji mpya huulizwa mapema anatoka wapi Rungwe, na jibu lake humwelekeza kwenye chama chake. Wapo pia wanaofanya kazi Mbeya huku wakijenga Tukuyu, katika Bagamoyo, Bulyaga au Makandana, wakihesabu kwamba watakapostaafu watarudi kwenye maji, migomba na ukungu, wakiwa karibu na hospitali ya wilaya na barabara ya lami.